Sayyidna Umar (R.A.) na Posho ya Waislamu

Ramadhani imetuingilia tena, alhamdulillah, na kama ilivyo ada ukurasa huu ni wa mmoja katika wema waliotangulia.

Kuna kisa ambacho hakikosi kila mwaka. Darsa ya baada ya alasiri imeendelea, watu wanasinzia, njaa inauma, basi shekhe hukitoa hicho na kila mtu akaamka. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) anatembea usiku na mtumishi wake Aslam, anaona moto kwa mbali, mahali paitwapo Sirar, nje ya Madina. Anamkuta mama na watoto wanaolia, chungu kiko motoni, na ndani ya chungu hamna chakula. Sisi chuoni tulihadithiwa kwamba mlikuwa na mawe. Vitabuni ni maji matupu, mama anawapumbaza watoto mpaka wapitiwe na usingizi. Yule mama hamjui aliyesimama mbele yake, analalamika kwamba Umar ameshika utawala kisha akawasahau. Umar anarudi mbio mjini mpaka nyumba ya unga, anatoa gunia na mafuta, anamkataza Aslam asimbebee, kwa kuwa siku ya kiama Aslam hatambebea mzigo wake. Anapika mwenyewe, moshi unapita katikati ya ndevu zake, na haondoki mpaka awaone wale watoto wanacheka na kulala.

Kisa kizuri, na machozi hututoka. Lakini kuna swali ambalo shekhe haulizwi: ile nyumba ya unga ilikuwa ya nani? Na ule unga ulitoka wapi?

Haukuwa unga wa nyumbani kwa Umar. Ilikuwa ghala ya serikali, ikiitwa kwa Kiarabu Dar ad-Daqiq, na ndani yake mlikuwa na unga, shayiri iliyokaangwa na kusagwa, tende na zabibu, kwa ajili ya wageni na msafiri aliyeishiwa njiani. Kisa cha usiku mmoja kimetufanya tumwone Umar kama mtu wa kubeba gunia mgongoni. Kazi yake kubwa ilikuwa ya mchana, ya daftari, vipimo, misafara ya ngamia na majahazi. Na katika kazi hiyo, tusione haya kusema, alikosea mara moja kosa lililogusa watoto wachanga, akalijua, akalia, na akalirekebisha siku ile ile. Hilo ndilo nataka tufike, lakini tuanze mwanzo.

Mchunga ngamia

Alizaliwa Makka, miaka kama 13 baada ya Mwaka wa Tembo, katika ukoo wa Bani Adiy. Baba yake Khattab alikuwa mtu mkali. Umar alipokuwa kijana alimchungia ngamia zake, na pia aliwachungia mama zake wadogo wa Bani Makhzum kwa ujira wa gao la tende au zabibu. Miaka mingi baadaye, akiwa khalifa, alipita pale Dhajnan alipokuwa akichunga, akawakumbusha wenziwe hali aliyokuwa nayo. Hakuificha. Mtu aliyelipwa gao la tende anajua gao la tende lina uzito gani.

Alisilimu mwaka wa sita wa utume, na habari za kusilimu kwake, Hijra na vita alivyopigana bega kwa bega na Mtume (S.A.W.) tumezieleza mara nyingi, tusizirudie. Alipofariki Sayyidna Abubakar (R.A.) mwaka 13 Hijria, sawa na 634 Miladia, Umar akashika ukhalifa. Katika miaka kumi ya uongozi wake Sham, Iraq, Misri na sehemu kubwa ya Uajemi ziliingia chini ya Uislamu, na mali ikaanza kumiminika Madina kwa kiasi ambacho watu wa Hijazi hawakuwahi kukiota.

Kabla ya mali hiyo kupangwa sawasawa, njaa ilifika kwanza.

Mwaka wa Majivu

Mwaka 18 Hijria (639 Miladia) mvua ilikatika Hijazi yote kwa muda wa miezi tisa. Ardhi ikawa nyeusi, upepo ukivuma unarusha vumbi kama majivu, ndiyo maana Waarabu wakauita Aam ar-Ramada, Mwaka wa Majivu. Wanyama wa mwituni walisogea karibu na watu. Mtu alichinja kondoo wake, akimchuna hakuna nyama ya kula. Ndugu zetu wa Wajir, Mandera na Garissa hawahitaji kusimuliwa zaidi hapa, mizoga ya mifugo kando ya visima wameiona kwa macho yao.

Mabedui wakaacha majangwa wakaja Madina. Walipiga kambi kuuzunguka mji kila upande. Ibn Saad, mwanahistoria, ameandika kwamba Umar aliweka wasimamizi wanne, kila mmoja na upande wake wa mji, na kila jioni walikutana kwake wamweleze yote yaliyopita huko. Kisha akaamuru watu wahesabiwe. Usiku mmoja waliokuja kula chakula cha jioni walikuwa 7,000. Akaamuru wahesabiwe pia wale wasioweza kuja, yaani wagonjwa na watoto waliobaki mahemani: wakawa 40,000. Baada ya siku chache hesabu ikapanda, 10,000 wanaokuja na 50,000 wasioweza kuja.

Tazama hesabu hiyo kwa makini. Umar angehesabu wanaofika jikoni tu, angedhani anawalisha watu. Kumbe kwa kila mmoja aliyesimama na bakuli, watano walikuwa wamelala hemani hawana nguvu za kuamka. Kwa hao alipeleka unga, tende na kitoweo huko huko walikokaa, mwezi baada ya mwezi.

Barua zilipelekwa mikoani kuomba msaada. Wa kwanza kufika alikuwa Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.) kutoka Sham, na ngamia 4,000 waliobeba chakula, akapewa yeye mwenyewe kazi ya kukigawa pembezoni mwa Madina. Alipotaka kuondoka, Umar akampa dirhamu 4,000. Akazikataa, hakuja kutafuta dunia. Umar akamwambia azipokee, kwani Mtume (S.A.W.) alimfanyia yeye vivyo hivyo, naye alitaka kukataa akashauriwa asikatae. Akapokea. Mwaka huo huo Abu Ubayda akafa kwa tauni ya Amwas.

Sasa jikoni. Vyungu vya Umar viliamkiwa kabla ya alfajiri. Kwanza uliiva uji wa wagonjwa, na asida, ambayo ni jamaa ya ugali laini. Halafu mkate ukavunjwavunjwa na kutiwa mafuta ya zeituni. Na hapa kuna jambo dogo ambalo mimi nikilisoma hunishangaza. Wale mabedui walizoea maziwa na samli, mafuta ya zeituni hawakuyajua, na walipoyala walishikwa na homa. Basi Umar akaamuru mafuta yachemshwe kwanza katika vyungu vikubwa mpaka ule ukali wake uondoke, ndipo mkate utiwe. Yaani khalifa mwenye dola kutoka Sham mpaka Uajemi anashughulika na namna mafuta yanavyokaa tumboni mwa mchunga mbuzi!

Pamoja na hayo watu walikufa, na walikufa wengi. Malik bin Aws, ambaye jamaa zake walikuja Madina mwaka ule nyumba kama mia moja, alihadithia kwamba mauti yaliwaingia walipoanza kula chakula cha nafaka, wao waliokuwa watu wa maziwa. Alimwona Umar akisalia maiti kumi kwa pamoja. Siku hizi tunajua kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula kizito kwa ghafla, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu mtoto aliyedhoofika sana akifikishwa hospitali siku za mwanzo hapewi ugali wala mchuzi, hupewa maziwa mepesi ya tiba kidogo kidogo, mchana na usiku. Pia watu elfu sitini wakirundikana mahali pamoja, maji ni yale yale na choo ni jangwa lile lile, maradhi hayahitaji mwaliko. Umar hakuwa na elimu ya daktari wa leo. Alichokuwa nacho ni kwenda mwenyewe kuangalia, na kupeleka sanda kwa wafu na uangalizi kwa wagonjwa. Na mvua iliponyesha hakuwaacha mjini. Aliwarudisha kwao jangwani, akawapa chakula cha njiani na vipando kwa waliokuwa dhaifu.

Mwenyewe alikula nini? Aliapa hatagusa samli wala maziwa mpaka watu wote wapate. Siku moja alichinjiwa ngamia, wakamletea sehemu zile tamu, nundu na maini. Akauliza zimetoka wapi, akaamuru ziondolewe wapewe wengine, akaletewa mkate na mafuta. Samli na maziwa vilipoonekana sokoni tena, mtumishi wake alimnunulia kwa dirhamu 40, akaona ni ghali mno, akaamuru vitolewe sadaka. Alimwona mmoja wa watoto wake ana kipande cha tikiti mkononi, akamkemea, iweje yeye ale matunda na umma wa Muhammad (S.A.W.) umekonda. Tumbo lake lilikuwa likinguruma kwa yale mafuta, naye akiliambia lingurume litakavyo, hakuna kingine. Rangi yake ya weupe ikageuka kuwa nyeusi. Aslam alisema waliogopa kwamba kama ukame usingeondoka, Umar angekufa kwa majonzi.

Mwaka huo hakukata mkono wa mwizi aliyeiba kwa njaa. Wakusanyaji wa zaka hakuwatuma, aliwaacha wafugaji na vichache vilivyobaki. Mwaka uliofuata akawatuma wachukue fungu la miaka miwili, moja wawagawie maskini wa huko huko, moja walilete Madina. Alisema pia kwamba njaa ingeendelea angeingiza katika kila nyumba watu kwa idadi ya wenye nyumba, kwa kuwa watu hawafi kwa nusu ya tumbo. Mwishowe alitoka na watu kuomba mvua, akamshika mkono Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), na mvua ikaja.

Vipimo viwili kwa mwezi

Njaa ile ilimfunza kwamba ngamia 4,000 hufika baada ya watu kuanza kufa. Misri ilipofunguliwa, Umar alimwandikia gavana wake Amr bin al-Aas (R.A.) juu ya kuleta nafaka kwa njia ya bahari. Ule mfereji wa kale uliotoka mto Nili hadi bahari ya Sham, yaani Bahari Nyekundu, ulikuwa umezibwa na mchanga. Ukafukuliwa upya, kutoka Fustat (Kairo ya sasa iko hapo) mpaka Qulzum, jirani na Suez ya leo. Ukaitwa Mfereji wa Amirul Muuminin. Majahazi yakateremka na ngano mpaka al-Jar, bandari ya Madina, ambako palijengwa maghala.

Sasa mtu mmoja anahitaji chakula kiasi gani? Umar hakukisia. Alitwaa jarib moja ya nafaka (jarib ni kipimo cha zamani cha Waarabu), ikasagwa, ikakandwa, ikaokwa mkate, ukavunjwa na kutiwa mafuta. Akawaita wanaume thelathini wakala chakula cha mchana mpaka wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo kwa jarib ya pili. Hesabu ni nyepesi: watu thelathini kwa siku moja ni sawa na mtu mmoja kwa siku thelathini. Kwa hiyo jarib mbili zinamtosha mtu kwa mwezi. Akaiweka hiyo kuwa posho ya kila mtu, mwanamume, mwanamke na mtumwa, sawasawa. Mtumwa hakupunguziwa, mwanamke hakupunguziwa. Pamoja na nafaka kulikuwa na mafuta na siki. Kadiri posho ile ilivyozoeleka, Waarabu wakafikia kuapizana nayo, mtu akimtakia mwenzake mauti humuombea Mungu azikate jarib zake mbili.

Palipo na posho hapakosi mfanyabiashara. Hakim bin Hizam, sahaba tajiri na mtu wa heri, alinunua chakula ambacho Umar alikuwa ameamuru wapewe watu, akakiuza kabla hakijafika mkononi mwake. Umar alipopata habari akairudisha ile biashara na kumkataza kuuza chakula alichonunua kabla ya kukipokea. Imam Malik ameitaja katika Muwatta. Mwenye kusikia habari za mahindi ya msaada kupatikana dukani atajua tatizo hili lina umri gani.

Na kwa kuwa tuko katika mwezi mtukufu, hili lisipite. Ramadhani Umar alimpa kila aliyestahiki dirhamu moja kwa kila siku ya mwezi, na wake wa Mtume (S.A.W.) mbili mbili. Akashauriwa, kwa nini asipike chakula akawakusanya watu wafuturu pamoja? Akajibu kwamba yeye huwashibisha watu majumbani mwao. Jambo hili wataalamu wa misaada wamelijadili sana zama zetu, wapewe wenye shida mahindi au wapewe pesa. Hapa kwetu Kenya upo mpango wa serikali wa kuwapelekea pesa familia zenye dhiki za kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulioanza kulipa mwaka 2009. Mama mwenye pesa huweza kununua maziwa ya mtoto, ambayo hayakai kwenye gunia la mahindi. Lakini pesa nayo hufaa tu mahali ambapo soko lina chakula. Mwaka wa Majivu dirhamu isingemfaa mtu, na Umar hakugawa dirhamu wakati huo, aligawa uji. Alikuwa anaona tofauti.

Mtoto aliyelia usiku

Ndipo tunafika nilipotaka.

Mali ilipozidi Umar aliweka Diwani, daftari la majina ya watu na malipo yao ya kila mwaka kutoka Baitulmali. Mwaka wake ni 20 Hijria kwa kauli ya wengi, wengine husema 15. Watoto nao waliandikwa, lakini kwa sharti: mtoto hupata fungu lake akishaachishwa ziwa. Ukilifikiria ni sharti la busara. Mtoto anayenyonya chakula chake anacho kwa mama, anayehitaji posho ni yule aliyeanza kula. Karani yeyote angeliandika hivyo.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, ukapiga kambi kwenye uwanja wa kuswalia Idi. Umar akamwomba Abdulrahman bin Awf (R.A.) wakeshe pamoja kuulinda, huku wakiswali. Akasikia mtoto analia. Akaenda upande ule, akamwambia mama amche Mungu na amtendee mema mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Baada ya muda kilio tena. Akaenda tena, akasema maneno yale yale. Mwisho wa usiku kilio mara ya tatu. Safari hii akamlaumu mama, kwamba ni mama mbaya, mwana hakutulia usiku kucha.

Yule mama, hamjui ni nani, akamjibu kwamba amemchosha usiku huu. Anamlazimisha mwana aache ziwa, naye hataki. Umar akamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu Umar hampi posho ila mtoto aliyeachishwa ziwa. Akauliza mtoto ana umri gani. Miezi kadhaa tu. Akamwambia asimharakishe.

Alipoingia kuswalisha alfajiri, watu hawakuweza kuyafahamu aliyoyasoma kwa vile alivyokuwa akilia. Alipotoa salamu alijisikitikia mbele yao, ni watoto wangapi wa Waislamu amewaua. Kisha akamwamuru mpiga mbiu atangaze kwamba wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, tangu leo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ameandikiwa fungu lake. Akaandika hivyo mikoani kote. Mchanga akawa anapata dirhamu 100, akikua huongezewa mpaka 200. Hata mtoto aliyeokotwa, asiyejulikana baba wala mama, aliandikiwa 100, na mlezi wake chakula cha kila mwezi, na gharama ya kumnyonyesha ikatoka Baitulmali.

Mimi nikikisoma kisa hiki huwa sikimalizi haraka. Chungu cha Sirar kinatuonyesha Umar anavyozuia njaa aliyoikuta. Hapa njaa aliileta yeye, kwa mstari mmoja wa daftari, bila nia mbaya. Posho ilikuwepo, imejaa ghalani. Kilichomdhuru mtoto ni sharti la kuipata. Mama maskini alifanya hesabu yake: akimlikiza mtoto mapema, nyumba inapata dirhamu mia. Nani angemlaumu? Lakini mtoto wa miezi kadhaa akitolewa kwenye ziwa la mama akapewa maji ya kisima na mkate uliolowekwa, tumbo linaharibika, anaharisha, na mtoto mdogo akiharisha siku mbili tatu huenda. Shirika la Afya Duniani leo linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Miaka miwili hiyo Waislamu tunaijua kutoka Suratul Baqara, aya ya 233. Sharti la Diwani lilikuwa linawavuta akina mama mbali na aya hiyo, na Umar hakuliona mpaka alipolisikia likilia.

Ajabu nyingine, yule mama hakuja ofisini kushtaki. Kama khalifa angelala kwake usiku ule, daftari lingebaki safi kabisa, kila jina na malipo yake, na hakuna karani ambaye angeona kosa.

Posho haikuwa ya Waislamu peke yao pia. Mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni mwa watu, Umar alimshika mkono mpaka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwagizia mtunza Baitulmali yeye na walio mfano wake, wasitozwe jizya na wasaidiwe. Safarini Sham, karibu na Jabiya, alipita kwa Wakristo wenye ukoma. Akaamuru wapewe katika sadaka na waendelee kupata chakula.

Siku nne

Mwishoni mwa Dhulhijja mwaka 23 Hijria, Novemba 644, Umar alisimama na wasimamizi wake wawili wa ardhi ya Iraq, Hudhayfa bin al-Yaman na Uthman bin Hunayf (R.A.), akiwahoji isije ikawa wameitoza ardhi kodi isiyoiweza. Wakasema hawakuzidisha. Akasema kwamba Mungu akimweka hai atawaacha wajane wa Iraq katika hali ya kutomhitaji mwanamume yeyote baada yake. Hazikupita siku nne. Akiwa katika swala ya alfajiri alichomwa kisu na Abu Lulua, mtumwa wa al-Mughira bin Shuba.

Akachukuliwa nyumbani. Wakamletea maji ya tende akanywa, yakatoka kwenye jeraha. Wakamletea maziwa, akanywa, nayo yakatoka kwenye jeraha, na watu wakajua kwamba hataishi. Alimwita mwanawe Abdullah ahesabu madeni yake, yakawa dirhamu 86,000 au karibu na hapo, akausia yalipwe katika mali ya jamaa zake. Akamtuma kwa Bibi Aisha (R.A.) kuomba ruhusa ya kuzikwa karibu na masahibu zake wawili, naye akaruhusu.

Sayyidna Uthman (R.A.) alipopokea ukhalifa, aliwaongezea watu mia katika malipo yao. Ile dirhamu ya kila siku ya Ramadhani aliiacha kama Umar alivyoiweka, na juu yake akaandaa chakula msikitini kwa wanaokaa kufanya ibada, kwa msafiri, na kwa maskini.